Treni ya picha ile haikuwa ya Isiro



Mwaka uliopita, mwezi wa nane, niliweka hapa kwenye ukurasa wetu picha ya kichwa kikubwa cha treni ya mvuke. Chini yake niliandika: "Treni ya Vicicongo, Paulis, 1958. Tulikuwaka na vitu." Wengi mliipenda. Wengine mliituma kwenye magrupu ya familia, na dada mmoja wa Wamba akaandika kwamba machozi yalimtoka.

Leo naomba niseme wazi: picha ile haikuwa ya Isiro, wala haikuwa ya Kongo. Niliipata kwa rafiki, na yeye aliipata kwa mwingine. Mimi niko na lisanse ya agronomi, nilifundishwa kutotaja jina la mdudu kabla ya kuhesabu miguu yake. Lakini niliandika "Vicicongo" bila kuhesabu hata gurudumu moja.

Aliyenikamata ni koko wangu. Ni mdogo wa babu yangu, lakini kwetu Niania huyo pia ni koko. Ujanani alifanya kazi ya kupakia kuni kwenye treni upande wa Isiro, kisha akashuka Niania na barabara ya Wamba, akaoa, akabaki. Nilimwonyesha picha kwenye telefone nikitarajia afurahi. Aliishika mbali na macho, akaileta karibu, akairudisha mbali tena.

"Ulitosha hii fasi gani?"

"Ni ya kwenu, koko. Vicicongo."

"Hii haiko ya kwetu. Kuni iko wapi? Na reli yetu ilikuwa kadogo." Akaweka viganja vyake viwili hewani, kama mtu anayeonyesha urefu wa samaki. Nilikwenda kuchukua mita ninayopimia vitalu vya kakao, nikaiweka kati ya viganja vyake. Sentimita 62. Mzee wa zaidi ya miaka 80, na alikosea kwa sentimita 2 tu. Reli ya Vicicongo ilikuwa na upana wa milimita 600.

Hapo aibu ilinishika, na kutoka siku ile nilianza kujifunza namna ya kutambua kichwa cha treni. Ninawaandikia nilichokipata, juu ya wengi wetu tunatumiana picha za zamani kila juma, na juu ya deni nililo nalo kwenu.

Kwanza Vicicongo yenyewe, kwa wadogo ambao hawakuisikia. Kampuni ya reli ndogo za Kongo ilianzishwa mwaka 1924. Reli yake ilianzia Aketi, kwenye mto Itimbiri, ikapita Buta, ikafika Paulis, yaani Isiro ya leo, na mwaka 1937 ikaishia Mungbere. Ilikuwa na matawi ya Bondo na Titule, na yote pamoja ilipita kilometa 1,000. Pamba na kahawa ya Uele iliteremka hivyo mpaka Aketi, ikapanda mashua kwenda Léopoldville. Kutoka Mungbere kuja huku kwetu Ituri, mizigo ilibebwa na malori ya kampuni hiyohiyo. Kwa hiyo hata sisi wa barabara, ambao hatukuona moshi wake, tulikula chumvi yake.

Sasa, kwa nini nilidanganyika? Si ujinga tu. Mashini ya kwenye picha ilikuwa ya aina inayoitwa Garratt, na Vicicongo nayo ilikuwa na Garratt, zilizotengenezwa Ubelgiji. Umbo la Garratt hulisahau hata ukiliona mara moja. Kichwa cha kawaida cha mvuke kina boila juu na magurudumu chini yake. Garratt imekatwa vipande vitatu. Mbele kuna tangi la maji juu ya seti yake ya magurudumu na silinda, nyuma kuna tangi la mafuta au sanduku la kuni juu ya seti nyingine, na katikati boila na chumba cha dereva vimeninginia kati ya seti hizo mbili kama mgonjwa kwenye kitanda cha kubebwa na watu wawili. Kwenye kona kila seti inageuka peke yake. Mwingereza Herbert William Garratt aliisajili mwaka 1907, na mwaka 1909 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kikatoa ya kwanza. Hiyo ya kwanza haikuwa jitu. Ilikwenda Tasmania, kwenye reli ya upana wa milimita 610 hivi, karibu sawa na viganja vya koko. Wabelgiji hawakuchelewa: kufikia mwaka 1911 kiwanda cha Saint-Léonard cha Liège kilikuwa tayari kinatengeneza Garratt kwa ajili ya Kongo.

Basi umbo lilikuwa sawa, lakini umbo linakupa ukoo tu, halikupi mtu. Hata muhogo na mpira ni ndugu, vyote vya ukoo mmoja wa mimea. Nenda kavune mpira ule kama utaupata mezani.

Nafasi ya kuiona mashini yenyewe niliipata mwaka huu. Niliitwa kwenye mafunzo ya mbegu Nairobi, wiki mbili. Nilipita Bunia, Mahagi, Kampala, na mgongo wangu unaikumbuka safari ile. Jumamosi ya kwanza, wenzangu walikwenda sokoni kununua nguo, mimi nilikwenda kwenye jumba la makumbusho ya reli, lililofunguliwa mwaka 1971 si mbali na stesheni kuu. Nilibeba mita yangu. Mlinzi aliiangalia akacheka, akaniruhusu.

Ilikuwa pale. Hakika ni ileile ya picha, yenye rangi ile ya wekundu mzito ambayo Wakenya wanaiita damu ya mzee. Kwenye picha tuliyotumiana rangi ilikuwa imeondolewa, mtu aliifanya nyeusi na nyeupe ili ionekane ya kale. Jambo la kwanza nililojifunza pale: rangi ni shahidi wa mwisho kuaminiwa. Mtu yeyote mwenye ndoo na brashi anaweza kuibadilisha Jumatatu, na mwenye telefone anaweza kuifuta kabla ya chai.

Nilianza na miguu, kama kwa mdudu. Ukisimama upande mmoja, kutoka mbele unahesabu magurudumu madogo 2, makubwa 4, dogo 1. Kisha boila inapita juu yako. Halafu dogo 1, makubwa 4, madogo 2. Jumla 14 upande mmoja, 28 kwa mashini nzima, na 16 kati yake ndiyo yanayosukumwa na mvuke. Kisha nilichuchumaa nikapima reli, kutoka uso wa ndani hadi uso wa ndani: mita 1 kamili. Hiyo peke yake ilitosha kuifukuza Isiro. Kichwa cha reli ya mita hakiwezi kukaa kwenye reli ya sentimita 60, na boila yake ina kipenyo cha zaidi ya mita 2, yaani zaidi ya mara tatu ya upana wa njia ya koko. Ingelala ubavu kabla ya kutoka stesheni.

Lakini angalieni, kipimo hicho kina mtego wake. Mtu angesema, "Basi kama si Isiro, labda ni Kisangani." Hapo mita isingetusaidia, juu reli ya Kisangani hadi Ubundu, iliyomalizika mwaka 1906, nayo ni ya mita 1. Nchi yetu imerithi njia za upana mbalimbali kama familia yenye sahani za seti tofauti: Mayumbe 615, Vicicongo 600, Ubundu 1,000, Katanga 1,067. Mzigo ukifika mwisho wa njia moja unashushwa wote, unapakiwa upya. Kila upana ulifuata kampuni yake, na kila kampuni ilifuata bei yake. Kwa hiyo upana unakuambia treni haikutoka wapi, lakini mahali ilipotoka lazima utafute mahali pengine.

Mahali pengine ni namba. Ubavuni imeandikwa 5918. Namba hiyo si ya bahati nasibu. Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ya Tanganyika, zikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na vichwa vyote vikahesabiwa upya: tarakimu mbili za kwanza ni aina, mbili za mwisho ni nafasi yake ndani ya aina. Basi 5918 ni ya kumi na nane katika aina ya 59. Mashini za kabla ya 1948 zina majina mawili, la zamani la herufi na jipya la tarakimu, na ukikuta moja huna budi kutafuta lingine. Hii haina shida hiyo. Ilizaliwa baadaye, na ilibatizwa mara moja tu.

Nadhani pia ndipo ilipotoka ile "1958" ya picha yetu. Mtu aliona 5, 9, 1, 8 akazipanga upya zikawa mwaka. Sina ushahidi, lakini nikiiangalia nacheka peke yangu.

Aina ya 59 zilikuwa 34, zote zilitoka Manchester kwa Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956. Ndizo zilizokuwa vichwa vya mvuke vikubwa kuliko vyote duniani kwenye reli ya mita 1: tani 252, urefu unaopita mita 31, nguvu ya kuvuta inayokaribia tani 38. Zilichoma mafuta mazito. Hapo ndipo niliposikia tena sauti ya koko, "Kuni iko wapi?" Mzee aliliona kwenye kioo kidogo cha telefone jambo ambalo mimi nililipita. Kazi yao kubwa ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, kupanda kutoka baharini mpaka kwenye mwinuko wa mita 1,600 na zaidi. Zilikuwa nzito mno kwa njia nyepesi za matawi, kila mhimili wa magurudumu makubwa ukikandamiza reli kwa tani 21 hivi.

Kila moja ilipewa jina la mlima. Hii ni Mount Gelai, mlima wa Tanzania karibu na ziwa Natron. Moja iliitwa Ruwenzori, mlima ambao nusu yake ni yetu, sijui kama waliotoa jina walikumbuka. Katika zote 34 zimebaki mbili tu, hii na 5930, Mount Shengena. Nyingine zilikatwa. Gelai hata iliwashwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikavuta watalii, baada ya kukaa kimya miaka mingi.

Mpaka hapo nilikuwa na asili yake. Kilichobaki ni makovu, na hapo nilikaa saa nzima. Wale waliosoma nami wanajua tulivyofundishwa kutambua mchungwa uliopandikizwa: unashuka na macho kwenye shina mpaka unapopata kifundo, chini ni limao, juu ni chungwa, na kifundo kinakuambia kwamba mkono wa mtu ulipita hapo. Mashini nayo ina vifundo.

Kifundo kikubwa cha 5918 kiko juu kabisa: bomba la moshi. Ukiwa chini unalidhania la kawaida. Ukipanda kidogo, au ukiliangalia kutoka mbele na kisha kutoka ubavuni, unaona halina duara. Ni bapa, jembamba kwa mbele, refu kwa ubavuni, kama kiberiti kilichosimamishwa. Mashini hizi hazikutoka Manchester hivyo. Zilitoka na bomba la duara, na mafundi wa Afrika Mashariki wakaliondoa baadaye wakaweka chombo kilichobuniwa na mhandisi wa Austria, Giesl-Gieslingen.

Nieleze kidogo, juu jambo hili ni zuri. Kichwa cha mvuke hakina feni ya kupuliza moto. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni unatupwa kupitia bomba la moshi, na ukipanda kwa kasi unaburuta hewa pamoja nao, hewa mpya inaingia motoni. Ile sauti ya *chu, chu* ndiyo pumzi ya moto wenyewe. Shida ni kwamba mdomo mmoja mwembamba unaotoa mvuke kwa kasi unaubana pia, na mvuke uliobanwa unarudisha nguvu kwa pistoni kinyumenyume. Mashini inapigana na pumzi yake. Giesl aliugawa mdomo mmoja kuwa midomo midogo iliyopangwa kwa mstari, ndiyo sababu bomba likawa bapa. Moto unavutwa vizuri, pistoni inabanwa kidogo, mafuta yanapungua. Hakuna kilichobadilishwa chini, magurudumu ni yaleyale, boila ni ileile. Ni kikonyo kimoja tu.

Na kikonyo hicho kinakupa tarehe. Picha yoyote ya mashini ya aina hii yenye bomba bapa haiwezi kuwa ya siku zake za kwanza. Picha yetu ilikuwa na bomba bapa. Ilikuwa inapiga kelele muda wote, sisi hatukujua lugha yake.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho, nalo linatuhusu sisi. Aina ya 59 ilichorwa tangu mwanzo ili iweze kuhamishwa kutoka reli ya mita 1 kwenda 1,067 bila kuijenga upya. Kulikuwa na ndoto kwamba siku moja Afrika Mashariki itaungana na reli za kusini. Siku hiyo haikufika, na Gelai imezeeka na maandalizi ya safari ambayo haikuitwa. Lakini kwetu, ndugu zangu, mabadiliko hayo yalifanyika kweli: mwaka 1955 njia ya Kabalo hadi Albertville, Kalemie ya leo, ilitolewa kwenye mita 1 ikawekwa kwenye 1,067 ili ishikane na Katanga. Hivyo atakayekuta kichwa cha mvuke cha zamani upande wa Kalemie asiridhike na kipimo cha leo. Achunguze mihimili: huenda kilizaliwa na upana mwingine.

Jirani ya Gelai kwenye uwanja uleule kuna 6006, Garratt nyingine, ndogo kwa umbo. Hii ilinipa somo la kinyume. Kwa mtazamo wa haraka ungesema ni mtoto wa Manchester kama mwenzake, maana oda ilikwenda kwa Beyer, Peacock. Lakini kiwanda kilikuwa na kazi nyingi, na 12 za kwanza za aina ya 60, yaani 6001 hadi 6012, zilitengenezwa kwa niaba yake na Franco-Belge huko Raismes, kaskazini mwa Ufaransa. Mwenye oda ni mmoja, mikono ni mingine. Tena aina hii yote ilipewa majina ya magavana wa kikoloni. 6006 ilipewa la Sir Harold MacMichael, aliyetawala Tanganyika mwaka 1934 hadi 1938. Baada ya uhuru vibao vya majina viling'olewa vyote. Milima ikaachwa, magavana wakashushwa. Nilifikiria Paulis aliyekuwa kanali na mtu wa reli, na mji wake uliogeuka Isiro.

Niliporudi Bunia na kuandika hapa kwamba picha ile ilikuwa ya Nairobi, mnakumbuka kilichotokea. Mmoja aliniambia natafuta kuwanyang'anya watu historia yao. Mwingine, ambaye namheshimu, aliandika: "Hata kama si yetu, iache, inatia vijana moyo." Nimeifikiria sana sentensi hiyo. Ninaelewa. Lakini mimi nimeona malori ya vyuma chakavu yakipita Niania, na mnunuzi wa chuma hajali kama tunalia kwa picha ya Nairobi. Tukishaamini kwamba treni ya Isiro ni ile kubwa nyekundu iliyotunzwa mahali fulani, nani atakwenda kutazama ile ndogo iliyo kwenye majani?

Koko nilimwonyesha picha zangu mwenyewe, zile nilizopiga na mita ikiwa juu ya reli. Alitazama ile mita kuliko mashini. Nilimweleza mambo ya bomba bapa, akasikiliza kama mtu wa kazi, akauliza swali moja tu ambalo sikuweza kulijibu: vijana waliopakia mafuta kwenye tangi lile walilipwa ngapi? Kisha akanieleza kwa nusu saa namna ya kupanga kuni zisianguke kwenye kona, nene chini, nyembamba juu, na kuni mbichi hata moja isiingie, maana dereva akikosa mvuke mlimani anayetukanwa ni wewe. Nimeyarekodi yote kwenye telefone.

Tuko watu watatu tumepanga kwenda Isiro kiangazi hiki, barabara ikiruhusu, na tukipata nguvu tufike Mungbere. Walio Buta, Aketi na Bondo, naomba msaada wenu. Mkipata kichwa cha treni, au hata kipande chake, msitume picha ya uso peke yake. Pigeni ubavu mzima ili magurudumu yahesabike. Wekeni mita au hata kalamu mpya juu ya reli. Pigeni bomba la moshi kutoka mbele na kutoka ubavuni. Futeni kutu kwa kitambaa, si kwa msumari, mtafute kibao cha kiwanda na namba zilizogongwa kwenye chuma chenyewe, hasa kwenye fito zinazosukuma magurudumu, maana vibao huibwa mapema lakini fito ni nzito. Namba zisipolingana kutoka fito moja hadi nyingine msiseme mmekosea, iandikeni hivyohivyo: inawezekana mashini moja ilitengenezwa kwa viungo vya mwenzake.

Na mkimkuta mzee aliyepakia kuni, anzeni na yeye.